Setilaiti Haijafungwa Kamba: Maswali Ninayoulizwa Nikiwa Juu ya Paa

Mbukwenyi. Nafunga madishi hapa Dodoma mjini, na nikiitwa nafika hadi Bahi, Chamwino na Kongwa. Kabla ya kazi hii nilifundisha fizikia sekondari, kwa hiyo mteja akiniuliza swali nashindwa kumjibu kwa neno moja. Maswali yenyewe ni yale yale mwaka nenda mwaka rudi. Nimeyaandika hapa ili siku nyingine, nikiwa juu ya bati la moto saa nane mchana, niseme "nenda kasome" nimalize kukaza nati zangu.

Fundi, hiyo setilaiti iko umbali gani?

Kilomita 35,786 ukipima wima kutoka ikweta. Kutoka paa lako la Dodoma, ile iliyo karibu zaidi na utosi wetu iko kama kilomita 35,830, kwa sababu sisi tuko kusini kidogo ya ikweta.

Nikiitaja namba hiyo mteja hutikisa kichwa kwa heshima tu, hajaona kitu. Basi namwambia hivi: barabara ya Dodoma hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 450. Umbali wa setilaiti ni kwenda na kurudi Dar mara 40. Mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti anayeshuka Dar mara moja kwa wiki atautimiza kwa wiki 40. Mama mmoja wa Chang'ombe aliposikia "wiki 40" akacheka: "Kumbe ni mimba nzima!" Mfano wake ukaufunika wangu, na tangu siku hiyo nautumia bila kumlipa.

Kwa wapenda treni: chukua SGR kwenye mwendo wake wa kilomita 160 kwa saa, isisimame kituo chochote. Ukipanda Jumatatu saa mbili asubuhi, utafika kule juu Jumatano ya wiki inayofuata, karibu saa kumi alasiri.

Mbona usiseme tu ni milima Kilimanjaro mingapi?

Ni kama 6,070 iliyopandana. Umeona kitu? Hata mimi sijaona. Nimekutoa kwenye namba kubwa isiyoshikika nikakuingiza kwenye namba nyingine kubwa isiyoshikika, nikaongeza na mlima ambao wengi wetu tumeuona kwenye noti na kalenda. Mfano ukishahitaji mfano wa kuuelezea, haufai.

Mimi mfano naupima kwa mambo mawili. Kwanza, anayesikiliza awe amewahi kuubeba, kuutembea au kuusubiri mwenyewe. Ndiyo maana wazee walipima kwa shibiri, dhiraa na pima: kipimo unakuja nacho mwilini. Pili, kiwe kitu ambacho mimi na wewe tunakijua kwa ukubwa ule ule. Hapa sokoni kila mtu anajua gunia, lakini gunia la lumbesa si gunia: limeshonewa kilemba juu, na kila mnunuzi anakipandisha kadiri ya roho yake. Mifano mingi ya magazetini ni lumbesa. "Ukubwa wa nyumba", nyumba ya nani? "Mwendo wa risasi", nani ameuona?

Viwanja vya mpira navikubali, kwa shingo upande.

Nipe picha ambayo naweza kuipanga hapa sebuleni.

Chukua mpira wa miguu wa kawaida, wa sentimita 22 kwa upana. Huo ndio dunia. Kilimanjaro juu ya mpira huo ni unene wa karatasi moja ya daftari. Ndege ya abiria inaruka kwenye unene wa karatasi mbili. Kituo cha anga cha kimataifa, kile kinachokaa na watu, kiko kilomita 400 juu: hapo ni milimita 7, unene wa penseli. Watu wengi wakisikia "anga za mbali" wanafikiria pale, kumbe pale bado ni ngozi ya mpira.

Sasa setilaiti ya dishi lako. Weka bega lako kwenye mpira, nyoosha mkono. Iko huko kwenye kiganja, sentimita 62. Na mwezi? Utoke nje ya sebule, uko mita 6 na nusu, labda kwenye kibaraza cha jirani.

Picha hii naipenda kuliko zote kwa sababu inaonyesha uwiano. Safari 80 za Dar zinakuambia ni mbali, ila mpira ndio unaokuambia ni mbali kiasi gani kulinganisha na dunia yenyewe: karibu dunia tatu zilizopangwa mstari.

Kwa nini haianguki?

Inaanguka. Usiku na mchana, hata sasa unaposoma.

Tuanzie juu ya paa. Nina kokoto mkononi, naiachia. Katika sekunde ya kwanza inashuka mita 4.9. Nachukua nyingine, naitupa mbele kwa nguvu. Katika sekunde ya kwanza nayo imeshuka mita 4.9 zile zile, ila imetua kwenye uwanja wa jirani. Kuirusha mbele hakukuizuia kuanguka. Kumehamisha tu mahali pa kutua. Tusahau upepo na hewa, tuirushe kwa nguvu zaidi: itatua Kibaigwa. Zaidi: Morogoro. Zaidi: baharini. Ukizidisha tena, ardhi inaanza kuinama chini ya kokoto, maana dunia ni mviringo. Kokoto inashuka, ardhi nayo inakwepa.

Huko setilaiti iliko mvutano wa dunia umepungua, lakini haujaisha. Umebaki sehemu moja ya 44 ya ule wa hapa chini. Gunia la mahindi la kilo 100, kama ungeweza kuliweka limetulia kwenye mzani kule juu, lingesoma kilo 2 na robo hivi. Kwa hiyo kitu kule kikianguka, sekunde ya kwanza hakishuki mita 4.9. Kinashuka sentimita 11.

Tanua kiganja. Toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho ni shibiri. Ikate katikati. Hiyo nusu shibiri ndiyo setilaiti inayoanguka kwa sekunde moja.

Na ndani ya sekunde hiyo hiyo imekwenda mbele kilomita 3 na mita 75, kama viwanja 29 vya mpira. Sasa ukichora mduara mkubwa kama njia yake, ukaenda kilomita 3 na mita 75 kwa mstari ulionyooka, utakuta mduara umepinda kuelekea duniani kwa nusu shibiri. Hesabu inagongana barabara. Imeanguka nusu shibiri, na njia imejikunja nusu shibiri. Umbali wake na dunia haujabadilika hata kidogo, na sekunde inayofuata mchezo unaanza upya.

Huwa namwonyesha mteja kwa mkono wake mwenyewe. Wengi hubaki wamekodolea kiganja kwa muda.

Lakini tulifundishwa kwamba kuna nguvu mbili, ya kuvuta ndani na ya kusukuma nje, zimelingana.

Najua, hata mimi niliifundisha hivyo mwaka wangu wa kwanza, na wanafunzi wale sasa ni watu wazima; naomba radhi. Kama nguvu zingelingana na kufutana, setilaiti isingekuwa na sababu ya kupinda. Ingekwenda mbele moja kwa moja na tusingeiona tena. Inapinda kwa sababu inavutwa na hakuna anayeshindana na huo mvuto. (Wahandisi wana hesabu wanayoifanya wakijiweka juu ya setilaiti yenyewe, na humo nguvu ya nje hutumika kihalali. Lakini wao wanajua wamekaa wapi.)

Kinachotupoteza ni kombeo. Kijana anayefukuza ndege kwenye shamba la mtama anazungusha jiwe, anasikia kamba inamvuta mkono, anasema jiwe linataka kutoka nje. Mwangalie akiachia: jiwe linafuata mstari wa kule lilikokuwa linaelekea dakika ile, mbele, kwa ubavu. Hakuna aliyelisukuma nje, ni kamba tu iliyoacha kulipinda.

Kombeo ni mfano mzuri hadi hapo, kisha unakatika. Kombeo unaweza kulizungusha polepole au haraka utakavyo, kamba itakaza au kulegea ikufuate. Mvutano wa dunia haukufuati. Kwa kila umbali una kiasi chake, na kwa hiyo kila umbali una mwendo mmoja tu wa kuzunguka kwenye duara. Jambo hili ndilo linalojibu swali la pili chini ya hapa.

Kama inakimbia hivyo, mbona dishi nalifunga mara moja na halisogei?

Kwa sababu na wewe unazunguka. Geuza baiskeli kichwa chini miguu juu. Funga uzi mwekundu kwenye spoku karibu na habu, na mwingine kwenye spoku hiyo hiyo karibu na rimu. Zungusha gurudumu. Uzi wa ndani unakwenda njia fupi, wa nje unakwenda ndefu, lakini hakuna anayemwacha mwenzake. Mzunguko mmoja wote wanaumaliza pamoja. Mdudu akikaa kwenye uzi wa ndani akatazama nje, atauona wa nje umesimama palepale siku zote.

Wewe ni mdudu wa ndani. Ikweta inazunguka kwa kilomita 1,670 kwa saa, na setilaiti kwa kama 11,070. Usikubali mfano wa mabasi mawili yanayokwenda sambamba barabara ya Morogoro, maana mabasi yana mwendo sawa, na huku kinachofanana si mwendo, ni muda wa kumaliza mzunguko.

Muda huo, kwa mpenda hesabu, ni saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Si 24 kamili. Dakika nne zinazobaki ni kwa sababu dunia nayo inasogea kulizunguka jua, ikabidi ijigeuze kidogo zaidi ili jua lirudi utosini.

Kwa nini kilomita 35,786 na si namba nyepesi ya kukariri?

Hakuna aliyeichagua. Kituo cha anga cha kilomita 400 humaliza mzunguko kwa dakika 92 hivi. Mwezi, ulio kilomita 384,400, hutumia siku 27 na ushei. Karibu ni haraka, mbali ni taratibu. Basi mahali fulani katikati lazima pawe na umbali ambao mzunguko unachukua siku moja, na hapo ndipo. Arthur C. Clarke, mwandishi wa hadithi za kisayansi, aliandika mwaka 1945 kwamba mitambo ya mawasiliano ikiwekwa pale ingehudumia dunia nzima; ya kwanza kutulia kweli juu ya ikweta, Syncom 3, ilirushwa mwaka 1964 na mwaka huo huo ikapeleka picha za Olimpiki ya Tokyo.

Kwa nini wasituwekee moja juu ya Dodoma hasa, makao makuu?

Haiwezekani, na si kwa sababu ya siasa. Chukua chungwa na kisu. Setilaiti lazima izunguke kiini cha dunia, kwa hiyo kisu chako lazima kipite katikati kabisa ya chungwa. Weka alama ya Dodoma chini kidogo ya tumbo la chungwa. Kata ukipitia alama hiyo na katikati: kisu kinatokea upande wa pili kikiwa juu ya tumbo kwa kiasi kile kile. Hakuna namna ya kukata ukabaki kusini pande zote.

Kwa hiyo setilaiti ambayo sasa hivi iko juu ya Dodoma, nyuzi 6 kusini, baada ya saa 12 ingekuwa nyuzi 6 kaskazini, huko kusini-magharibi mwa Ethiopia, kisha irudi. Dishi lako lingelazimika kuifuata kama alizeti changa inavyofuata jua. Kukata kunakobaki palepale ni kumoja, kwenye tumbo: ikweta.

Na ndiyo maana mwaka 1976 nchi zinazopitiwa na ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire, zilitia saini Azimio la Bogotá zikidai kwamba kipande cha njia hiyo kilicho juu yao ni mali yao. Dunia haikukubali, na nafasi zinaratibiwa na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa. Sisi hatukuwa na la kudai, ikweta haitupitii.

Dishi langu linaangalia juu, la jirani linaangalia magharibi. Nani kafungiwa vibaya?

Hakuna. Mnatazama setilaiti tofauti. Dodoma iko longitudo ya karibu nyuzi 35.7 mashariki, kwa hiyo setilaiti zilizo nyuzi 36 mashariki ziko karibu utosini mwetu, zimeelekea kaskazini kidogo, kimo cha nyuzi 83 hivi. Zile za nyuzi 7 mashariki ziko magharibi, kaskazini kidogo, kimo cha nyuzi 56.

Usilipime dishi kwa macho, litakudanganya. Madishi haya madogo hupokea mawimbi kwa mshazari, na LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi kwenye mkono wa dishi, imekaa kwa chini. Ni kama saitimira ya bodaboda: kioo kinamtazama dereva, lakini anachokiona ni lori la nyuma. Dishi lililokaa kama sinia la kupepetea linaweza kuwa linatazama karibu wima kabisa.

Picha imepotea na hakuna aliyegusa dishi.

Kuna aliyegusa. Nyumba moja ya Nkuhungu waliniita mara tatu ndani ya mwezi. Dishi lilikuwa chini uani, kwenye bomba la chuma. Mara ya tatu nilikuta manyoya ya kahawia yamenasa kwenye nati ya chini, na bomba limeng'aa upande mmoja kwa kusuguliwa. Mbuzi alikuwa akijikuna pale kila jioni akirudi malishoni.

Mzee mwenye nyumba akaniambia, "Fundi, amesogeza kidogo tu." Tukapiga hesabu pamoja. Dishi lake ni la sentimita 90. Ukingo mmoja ukitangulia ule wa pili kwa sentimita moja, upana wa ukucha wa kidole kidogo, mstari unaotoka hapo ukifika kwenye njia ya setilaiti unakuwa umekosa shabaha kwa kama kilomita 400. Ni kama unapiga simu Dodoma inaita Dar. Mzee akamtazama mbuzi. Tulihamishia dishi ukutani.

Inatumia mafuta kubaki juu?

Kubaki juu, hapana. Hakuna hewa ya kuipunguza mwendo. Kubaki mahali pake, ndiyo: mwezi na jua huivuta kidogo kidogo, na kila mwaka inahitaji masahihisho ya jumla ya kama mita 50 kwa sekunde, sawa na gari kuondoka kwenye kusimama hadi kilomita 180 kwa saa, mara moja tu kwa mwaka. Tunayosema "imesimama" inazurura ndani ya boksi la kilomita 70 hadi 150, ila kutoka hapa huwezi kuligundua. Mafuta yakikaribia kuisha, kwa kawaida baada ya miaka kama 15, husukumwa juu kilomita 300 hivi kupisha nyingine. Dishi lako haligeuzwi.

Mvua ikinyesha picha inaganda. Setilaiti inalowa?

Mvua yote iko kwenye kilomita chache za mwisho. Kwenye ule mpira wetu, ni karatasi moja. Mawimbi yamesafiri urefu wa mkono mzima salama, yakaja kumezwa kwenye karatasi ya mwisho. Dishi kubwa zaidi husaidia.

Kuna siku chache mwezi Machi na Septemba picha hukatika mchana kweupe, kisha hurudi yenyewe.

Usiniite, utapoteza nauli yangu. Siku hizo jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti, na jua nalo linatoa mawimbi. Ni kama kuongea na mtu aliyesimama mbele ya spika za singeli. Kwa Dodoma hutokea karibu na tarehe 23 Machi na 20 Septemba. Kwa setilaiti za nyuzi 36, tazama saa: Machi ni karibu saa saba kasoro robo mchana, Septemba karibu saa sita na nusu. Dakika chache tu. Toka nje utazame LNB: mwanga wa jua unaorudishwa na dishi unakusanyika hapo, nao ndio unaokuonyesha kosa liko wapi.

Kwa nini jirani anashangilia goli kabla yangu?

Safari ya kupanda na kushuka kwa setilaiti ni karibu robo sekunde, hata kwa mwendo wa mwanga. Robo sekunde ni kupepesa jicho. Kama jirani anakutangulia kwa sekunde nne au tano, usiisingizie setilaiti. Muda mwingi unaliwa na mitambo inayobana picha kule inakotoka na king'amuzi kinachoifungua hapa kwako, na ving'amuzi havifanani.

Ukitaka kumuwahi, washa redio ya FM, sauti ya televisheni uizime.